Rehani ya Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Kinyozi kanisimamisha njiani. Kasema Jumamosi saa nne anakuja kuchukua cherehani. Mkosi gani huu! Cherehani yenyewe ni ya mke wangu. Niliiweka rehani kwa kinyozi mwaka jana nipate mtaji wa kufuga kuku. Vifaranga mia moja. Wamepona sita, wote majogoo. Mke wangu hajui habari ya rehani, na ana sare arobaini za wanafunzi za kushona. Kesho naenda kwa mshauri wa madeni. Potelea mbali.

Jumanne, 4 Machi
Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la viatu. Nimevaa suti ya kukodi, nitailipa baadaye, ili nisidharauliwe. Mshauri ni mama wa makamo, hana utani hata chembe. Kanipa fomu niandike jina la mke wangu na la kila anayenidai. Nikaandika sita. Kinyozi nikamruka, maana aibu nyingine hazisemeki. Akauliza suti nimeitoa wapi. Wakawa saba.

Alhamisi, 6 Machi
Mshauri anataka Jumamosi niende na mke wangu. Eti hawezi kupanga madeni ya nyumba kwa kusikia upande mmoja. Nikampigia simu, nikasema mke wangu amesafiri. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu mwenyewe, kumbe yuko palepale, kampelekea mshauri gauni alilomshonea.
"Mume wangu, nimesafiri kwenda wapi?"
Ikabidi nimweleze habari ya wale saba. Kanuna, lakini kakubali kwenda. Hapo nikapata akili! Nimeomba miadi iwe saa nne. Kinyozi atakuta mlango umefungwa. Mimi si mtu wa kuchezewa.

Jumamosi, 8 Machi
Jirani mbea kamwelekeza kinyozi tulikokwenda. Kapanda ngazi anahema, mkokoteni kauacha barabarani. Kauliza mbele ya wote cherehani iko wapi. Nilitamani ardhi ipasuke.
Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
"Ungeniomba ningekupa," kasema. "Mimi ningeshona kwa mkono. Wewe umeninyang'anya huku unakula chakula changu."
Nimeona aibu kweli, si ya kuigiza. Mshauri ndiye aliyetuokoa. Kila jioni nikitoka kazini nitafagia kinyozini na kufua mataulo, mpaka deni liishe. Cherehani inabaki. Mpango wote umeandikwa kwenye karatasi, majina manane, ukapigwa muhuri. Nimeapa kubadilika.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu kafunga cherehani kwa mnyororo. Chai kaniwekea, salamu hakuna.
Jioni nimefagia nywele. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakalalamika kuhusu madeni yao, nikawaeleza mambo ya fomu na mpango. Wakanisikiliza! Mmoja kasema naeleza vizuri kuliko wataalamu. Nimepoteza miaka bure kwenye kuku, kumbe kipaji changu ni hiki.
Nikaenda moja kwa moja kwa mchora mabango. Nataka herufi nyekundu: MSHAURI WA MADENI, UZOEFU MKUBWA. Akataka malipo ya kwanza. Sina. Akataka dhamana. Nikampa karatasi yenye muhuri. Kahesabu majina mara mbili, kanitazama. Nikamwambia mtu aliyeaminiwa na watu wanane si mtu mdogo.
Kakubali. Bango nitalichukua Ijumaa.