Mume Wangu Kukalishwa Eda na Kampuni Yenu

Madinat Sultan Qaboos,
Maskati.

Ndugu Maan bin Loay,
Mkuu wa Utumishi,
Ofisi ya Chipu za Kompyuta,
Maskati.

Ndugu Mkuu wa Utumishi, mwanangu Maan,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kwa Kiswahili, na usijifanye hukuelewa. Mama yako na mie tumechanwa nywele kwa kitana kimoja, na nyumbani kwenu mpaka leo paka hufukuzwa kwa Kiswahili. Kiarabu cha ofisini na Kiingereza cha mikataba nimekuachieni wewe na mume wangu, maana ndivyo vilivyotufikisha hapa.

Mie ni Mahbuba, mke wa Aflah bin Saud, aliyekuwa makamu wa mkurugenzi wenu na bwana mkubwa wa chipu zenu zote, kutoka hapa mpaka Afrika ya Kusini. Unajua kwamba kajiuzulu. Unajua pia anakokwenda: kwa wale mahasimu wenu wa chipu za picha, ambao siku hizi dunia nzima inawapigia magoti kwa ajili ya hiyo akili mnemba. Hilo silo ninalolalamikia, mtu mzima ana miguu yake. Nnalalamikia mlichomfanya alipoaga. Mmemwambia akae nyumbani miezi sita, mshahara unaingia, lakini asikanyage kwenu, asikanyage kwao, wala asizungumze kazi na mtu. Aliponieleza nilimtazama, nikamuuliza: hii si eda hii? Akasema kwa Kizungu ina jina jengine, ati ni likizo ya bustani. Bustani gani? Hapa tuna mndimu mmoja, na wenyewe unakufa. Nikamwambia, Bwana Aflah, umekalishwa eda na ndevu zako.

Basi kwa heshima na adabu zote naleta malalamiko yangu kwa nambari, kama mnavyopenda watu wa ofisi.

1. Muda wenyewe. Mwanamke wa umri wangu akiachwa hukaa miezi mitatu. Akifiwa hukaa miezi minne na siku kumi. Nyinyi mmempa mume wangu sita! Kafiwa na waume wangapi? Nilimpigia simu Sheikh Thabit, akacheka mpaka akakohoa, akasema hakuna eda ya mwanamme, akanitakia usiku mwema. Nikakaa nikafikiri peke yangu, ndipo nikagundua. Mmemkalisha eda ya mwenye mimba! Siri zenu kazibeba tumboni, na nyinyi mnangoja zizaliwe, zizeeke, zisimfae mtu. Mtume! Mtu ana wajukuu. Mngeniambia mapema, ningekuwa nampikia uji wa pilipili manga.

2. Posa ndani ya eda. Hata mtoto wa madrasa anajua kuwa aliye edani haposwi. Lakini wale wa chipu za picha wameleta kikapu hapa mlangoni: tende zilizotiwa lozi, chokoleti, ubani mzuri wa Dhofar, na kadi isiyo na jina iliyoandikwa "Tunasubiri". Basi. Neno hilo tu. Wallahi, Maan, ungemuona alivyonawiri! Kaisoma ile kadi kama mwari aliyeletewa pete. Tende kazila zote yeye, na ubani akataka aufukize yeye. Sasa nakuuliza: masharti mmeyaweka, mlinzi wake yuko wapi? Au mlidhani kazi hiyo nitaifanya mie bure?

3. Sinia. Kulikuwa na harusi kule Bustan, na mkwe wangu Marwan ndiye aliyenihadithia yaliyotokea upande wa wanaume. Watu wamekaa kwenye masinia, watano watano, kama kawaida yetu. Aflah kenda kukaa, watu wenu watatu wakanyanyuka. Mmoja wao ni Zahor, mtoto wa baba yake mdogo! Ati mkataba unawakataza kuwa naye pamoja. Kabaki na mzee mmoja asiyesikia na sinia zima la wali na nyama ya mbuzi. Tangu lini wali wa harusi ukawa mkutano wa kazi? Siri gani ya chipu itakayotoka mdomoni mwa mtu mwenye mfupa? Alirudi nyumbani, akavua kofia akaiweka juu ya friji, akenda kulala. Miaka yote hiyo kawalea watu hao kikazi, na malipo yake ndiyo hayo. Mwambie Zahor kwamba shangazi zake wamepata habari.

4. Kugeuka kwake, na jikoni kwangu. Hapa nitasema sana, univumilie.

Mwanangu, mie nimekaa na mahubiri ya mume wangu tangu Noof binti yetu hajaota meno. Kila mlo alikuwa akitueleza kwamba chipu yenu ndiyo ubongo wa kompyuta, hodari mmoja anayefanya kila kazi, na kwamba wale wa picha wanatengeneza vitu vya watoto kuchezea mpira wa kwenye skrini. Noof aliponunua kompyuta yenye chipu yao kwa ajili ya masomo, baba yake aliirudisha dukani kwa mkono wake. Mtoto kalia. "Katika nyumba hii haingii!" Hayo maneno aliyasema akiwa amesimama pale pale kilipowekwa kikapu.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Tangu kile kikapu, mahubiri yamepinduka. Sasa ati hodari mmoja si kitu, kazi kubwa hugawiwa wadogo wengi wakaifanya kwa pamoja, na wale wa picha ndio walioliona hilo zamani, wenye akili kweli. Namsikiliza namtazama. Hata haya hana! Bendera yenyewe hungoja upepo uanze kuvuma, yeye kageuka kwa tende.

Na kwa kuwa mmemkataza kusimamia watu wenu, anasimamia wangu. Kila Jumapili asubuhi kuna mkutano jikoni, wamesimama wima: Wambui mpishi wetu, Omondi dereva, na mie niliyealikwa kama mgeni. Juzi kaamua kutuonyesha hiyo hekima ya wadogo wengi. Chapati. Wambui alikuwa akizipika peke yake, laini, zenye matabaka, hajapata kulalamikiwa na mtu. Bwana mkubwa kamuweka Wambui akande, Omondi asukume, mie nipake samli, na yeye mwenyewe ashike vikaango vyote vinne vya jikoni kwa pamoja. Jiko likajaa moshi mpaka kwenye kabati la vyombo. Omondi anasukuma kama anayeosha gari. Zilizopona tulimpa mbuzi wa jirani, akanusa akaondoka. Na mume wangu hakukiri, ati tatizo ni kwamba vikaango havikupewa kazi sawasawa!

Wambui ni mtu wa heshima, katoka Nyeri na ana subira ya kanisani kwao. Lakini siku ile alifungua aproni, akaniambia: "Mama, huyu mzee anarudi kazi lini? Mimi niko tayari kumpeleka mwenyewe, hata kama ni kwa miguu." Nikikosa Wambui kwa sababu ya mkataba wenu, Maan, nitakuja kukaa hapo ofisini kwako na sufuria zangu.

5. Hili nilikuwa sitaki kuliandika.

Mnanizoesha mtu. Nasema kweli, hilo ndilo kosa lenu kubwa kuliko yote, na hayo mengine ni kelele tu. Mie nilishapanga maisha yangu. Mume wangu alikuwa ni sanduku la safari mlangoni, sauti kwenye simu kutoka Taiwani, na suti za kupeleka kwa dobi. Sikuwa na furaha nalo, lakini nilishalijua, nami nilikuwa nikilala katikati ya kitanda. Sasa nyinyi mmemleta nyumbani mkamuacha hapa.

Baada ya sala ya alfajiri ananipikia kahawa. Anaipika vibaya, anatia hiliki nyingi mno, lakini anaileta mwenyewe na kikombe changu kakijua. Halafu anakaa. Hendi popote! Ananiuliza nimeota nini. Mie, mwanamke ambaye kwa miaka ndoto zangu zote nimezisimulia redio. Wiki iliyopita tulikwenda Qurayyat kutembea, mie na yeye tu, na tulipokuwa tunapanda ngazi kaniambia, "Mahbuba, mguu wa kushoto unauburura. Umeanza lini?" Nikamjibu, mwaka ule ulipokwenda Taiwani ukaongezewa cheo. Kanishika mkono mpaka juu, na tuliposhuka kanishika vile vile. Usiku, ndani ya chumba, mie nimelia. Nimelia kwa hasira, uniandikie hivyo hivyo kwenye faili.

Maana najua mwisho wake. Mmeniazima mume kama sufuria la shughuli: unalisugua, unalizoea, unapika nalo vizuri, na shughuli ikiisha mwenyewe anabisha hodi. Hao wa chipu za picha watabisha hodi. Watampa sanduku jipya na ndege nyengine, na mie nitarudi kwa redio. Mazoea yana taabu, wazee wetu hawakusema bure. Mtu wa umri wangu hawezi kuzoea mara mbili na kuzoezwa kutokuzoea mara mbili.

Kwa hivyo ombi langu, Ndugu Mkuu wa Utumishi, ni moja na nalileta kwa unyenyekevu. Mwachieni upesi. Ivunjeni hiyo eda leo leo. Siri zenu haziniingii akilini hata akizisema usingizini, na husema. Aende kwa hao mahasimu, akawagawie kazi vikaango vyao, na nyumba yangu irudi ilivyokuwa kabla sijaharibika zaidi. Mkikataa nitajua kwamba ofisi yenu haina huruma na wanawake, na nitalisema hilo kwenye kila maulidi nitakayoalikwa.

Nisalimie mama yako, nambie kama goti lake limepata nafuu. Msalimie mkeo na watoto, wasalimie walinzi wa mlangoni na yule kijana anayeleta chai, ambaye Aflah humtaja kwa wema. Wale watatu walionyanyuka kwenye sinia wasalimie pia, ila kwa mbali.

Ni mie mama yako kwa heshima na kwa hasira,
Mahbuba bint Saleh

Baada ya sahihi: Maan, nilikuwa natia gundi bahasha pale simu ya Aflah ilipolia. Mwenyewe katoka na Omondi kunitafutia dawa ya mguu, ati hii ninayotumia haifai kitu. Nikaona jina lako, nikapokea. Ukanisalimia kwa adabu, ukanipa habari njema kwamba mabwana wakubwa wameamua wenyewe kumwachia mapema, na kuanzia Jumapili yuko huru kwenda kwa wale. Ukangoja nishukuru. Nikakujibu kuwa mume wangu yuko edani, hapokei simu za kazi, nikakata. Ulipopiga tena nikaizima, na sasa iko ndani ya pipa la mchele.

Basi yote niliyoandika hapo juu yafute, kutoka la kwanza mpaka la tano. Nilikuwa na ghadhabu. Chapati nitazila hata zikiungua, na Wambui nitazungumza naye mwenyewe. Usimpigie tena, mwanangu, wala usimwandikie, na hao mabwana wakubwa waambie eda haikatwi njiani, wamuulize sheikh wanayemtaka. Imebaki miezi miwili. Nyinyi mmekula ujana wake wote, na hao wa picha watakula uzee wake. Hii miwili ya katikati niachieni mie.