Mzee wa Kwenye Kiapo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Tsuma amenyang'anywa kazi! Mbele ya watu! Wakili Naomi amemtoa katika ile kesi ya nyumba ya Bondeni akanikabidhi mimi, Griffins. Mahakama imeamua Bwana Kadenge ahame, nyumba irudi kwa mpwa wake. Kilichobaki ni mtu ampe Kadenge nakala ya hukumu mkononi, kisha aape kwa maandishi kwamba amempa. Ndiyo kazi yetu sisi wapelekaji hati wa kujitegemea. Tsuma amegonga mlango ule wiki nzima, hola, hakufunguliwa.

Wakili amesema waziwazi: nikifaulu, ataniandikia barua ili kibali changu kifanywe upya. Nikishindwa, nirudi kwetu Bungoma nikalime. Tsuma akacheka. Atakoma!

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda Bondeni baada ya adhuhuri. Nyumba ya ghorofa. Madirisha yote yamefungwa. Ngazi ina giza. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga tena. Nje jua linachoma, na mimi baridi inanipanda miguuni. Nikatega sikio mlangoni. Hapakuwa na mtu, ila nilihisi nyumba nayo imetega sikio upande wa pili. Sikukimbia. Nilishuka kwa haraka, basi.

Mwembe Tayari, chai na mahamri, akili ikarudi. Kwani nani atajua? Kiapo kinataka tu nieleze nilimkuta nani na alikuwa na sura gani. Nikamtunga palepale. Mzee mfupi, kovu kidevuni, kikoi cha kijani, mkongojo mweusi, hukohoa kabla ya kusema. Nikaongeza kwamba alipokea hati kwa adabu. Hiyo adabu ilinipendeza sana! Nikaapa mbele ya wakili mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, akagonga muhuri bila kuniangalia.

Alhamisi, 11 Septemba

Wakili Naomi amenisifu. Amemsomea Tsuma kiapo changu kwa sauti, ajifunze. Tsuma akauliza Kadenge amekuwa mfupi tangu lini. Ati anamjua, ni pande la mtu, hana kovu lolote, na majirani wanasema alihamia Malindi zamani. Nikamjibu kwamba uzee hufupisha watu. Wakili akamwambia aache wivu. Raha iliyoje!

Nikapita Biashara Street kumnunulia leso Mejumaa, mama mwenye nyumba wangu. Kwenye duka la tatu, nyuma ya kanga zilizotundikwa, amesimama mzee mfupi. Kikoi cha kijani. Ananitazama mimi tu. Akakohoa.

Vikoi vya kijani viko vingi Mombasa. Leso nimeisahau dukani.

Jumamosi, 13 Septemba

Mejumaa ameniambia kuna mzee alikuja kuniuliza. Mwenye kovu kidevuni. Alikohoa, akasema ameambiwa kuwa alipewa hati, naye hakupewa. Mejumaa akamkaribisha maji, hakunywa. Alipoondoka, ngazi haikulia. Ngazi yetu humlilia hata paka! Mejumaa akasema kwa sauti ya chini, "Yule mzee, mwanangu, hata kivuli sikumuona nacho." Nilimwomba akirudi amwambie nimesafiri kwenda Voi.

Naogopa. Naandika hapa tu, Tsuma asije akajua.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani sikwenda. Nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nimejificha chini, jikoni kwa Mejumaa, nyuma ya gunia la makaa. Mzee alipopiga hodi tena, Mejumaa amesema Voi kwa ujasiri, Mungu ambariki. Kila mbinu niliyofanyiwa na watu ninaowapelekea hati, leo nimeitumia mwenyewe. Ni mbinu nzuri kweli! Mwisho nikatokea dirisha la nyuma, nikaangukia kichochoroni kwa magoti.

Mbele ya pua yangu, ncha ya mkongojo mweusi.

Akanisaidia kusimama. Kwa adabu! Akakohoa, akasema, "Uliapa kwamba umenipa. Nipe basi, baba." Nakala ilikuwa bado mfukoni. Nikampa. Vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Akasoma mpaka chini, akauliza atie saini wapi. Kisha akauliza kama ni lazima ahame. Nikamwambia ndiyo hukumu. Akajifuta macho kwa upindo wa kikoi. Nilimhurumia, nakiri.

Halafu likanijia jambo: kiapo changu sasa ni cha kweli! Nimelala usingizi mzuri.

Jumatano, 17 Septemba

Siku bora ya maisha yangu! Madalali wa mahakama wamekwenda Bondeni pamoja na yule mpwa, tayari kuvunja mlango. Wakaukuta wazi. Nyumba imefagiwa, ufunguo uko sakafuni. Hakuna ugomvi, hakuna matusi. Wakili Naomi amesema hajawahi kuona hukumu ikitekelezwa kwa utulivu namna hii. Barua ameandika. Kibali kimepita! Tsuma alinipa mkono huku akiangalia pembeni.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mkongojo mweusi umeegemezwa mlangoni kwangu. Mzee amekaa kitandani.

Akasema hajui nyumba nyingine duniani, nami nimemtoa. Hana jamaa ila mimi. Sasa atalala wapi? Nimetandika mkeka.

Ijumaa, 19 Septemba

Mzee hali. Halali. Hutazama ukuta, hukohoa, kisha hasemi alichotaka kusema. Kukohoa bila kusema ndiko kunakonimaliza. Mejumaa hapandi tena juu, chakula changu anakiacha chini ya ngazi.

Wakili Naomi amenipigia simu asubuhi. Hukumu mpya, ndugu wanne wanaotakiwa kuhama ghala la baba yao. Wakali. Wana mbwa. Tsuma amekataa, mimi nimekubali kabla wakili hajamaliza kusema. Na huko siendi. Mbwa ni mbwa.

Karatasi ya kiapo iko mbele yangu. Nimefikiri sana leo, maana mtu mwenye akili hujirekebisha. Kosa langu la mara ya kwanza nimeshaliona: sikufikiria nafasi. Chumba ni kidogo, mkeka ni mmoja. Hawa ndugu nitawaandika wembamba.