Bi Simu Haguni

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Nimepata cheo ndani ya nyumba! Dada yangu ametangaza mezani kwamba kuanzia leo mimi ndiye msomaji wa mumewe. Hakuna aliyepinga. Shemeji mwenyewe alikuwa anatafuna, kwa hiyo nimehesabu kuwa amekubali.

Hali ni hii. Shemeji anatengeneza lifti. Miaka kumi na mmoja ndani ya mashimo ya maghorofa. Akiisikia lifti inavyopanda tu, anakwambia beringi ipi imechoka. Lakini hana leseni, na leseni ina mtihani wa maandishi, na ameshaanguka mara mbili. Akianguka ya tatu atangoja miaka mitano, na kijana aliyemfundisha mwenyewe kushika spana ndiye atakuwa bosi wake. Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo. Herufi zinamkimbia. Anasoma mstari mmoja mpaka jasho linamtoka, na akiumaliza amesahau ulikoanzia.

Mimi nina sauti. Si kwa kujisifu. Ndiyo inayotangaza punguzo la makochi mlangoni mwa duka la samani, na kuna watu huvuka barabara wakiisikia. Leo nimemsomea sura ya kwanza ya mwongozo, kwa hisia. Aliomba nirudie ukurasa wa kumi na mbili mara nne. Nikarudia. Nikaguna kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepinduliwa! Utawala wangu umedumu siku moja.

Shemeji alikwenda kumwona mwalimu wa masomo ya jioni, mama mmoja mwenye miwani mikubwa. Akampima kusoma kwake, akamwambia kwamba si mvivu wala si mjinga, ana disleksia. Maana yake kichwa kinachelewa kuunganisha herufi na sauti zake. Akisikia kwa masikio, mambo yanaingia moja kwa moja. Dada alilia. Mama yake shemeji, tunayeishi naye, alisema kumbe zile fimbo zote za shule zilikuwa za bure.

Mwalimu akamwekea programu kwenye simu. Unapiga picha ukurasa, simu inausoma kwa sauti ya mwanamke, na kila neno linawaka njano linapotamkwa ili jicho lifuate sikio. Shemeji amesikiliza sura mbili huku anakaza skrubu za kabati. Yule mwanamke nimempa jina: Bi Simu. Hana hisia hata chembe. Onyo la mtu kubanwa na mlango amelisoma kama orodha ya sokoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Rahisi na safi. Nimeficha chaja! Nyumba nzima tuna moja. Nimeilaza chini ya godoro langu, nikakaa sebuleni na mwongozo mapajani, tayari kuitwa.

Sikuitwa. Shemeji ameazima chaja ya jirani. Simu iliyozima ni yangu, na mwenye duka amenipigia mara sita bila kunipata, kunijulisha kwamba zamu yangu imeletwa mapema. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwambia nilikuwa naumwa koo. Akasema basi nilipumzishe, kipaza sauti amempa mfagiaji, na makochi mawili yameshauzwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa pili. Mashindano hadharani! Mimi nasoma nusu ya sura ya breki, Bi Simu nusu ya pili, kisha mama anamuuliza shemeji maswali kumi kwa kila upande.

Nilijitoa mhanga. Kamba ilipokatika, nilipiga mayowe ya abiria. Lifti ilipoanguka nilianguka nayo, kutoka juu ya kochi. Watoto wa jirani walipiga makofi dirishani. Bi Simu akasoma zamu yake kwa amani.

Matokeo: Bi Simu tisa, mimi matatu. Shemeji alikumbuka kila yowe langu, kasoro breki. Mama alipomuuliza ni kitu gani huizuia lifti isifike chini kwa kishindo, alijibu kochi. Nimekata rufaa, imekataliwa. Mama alisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimemuuliza shemeji ana kwa ana, tunaosha vyombo: yule mwanamke ana nini ambacho mimi sina? Akasugua sufuria weee. Mwisho akasema, "Haguni, shemeji."

Akaeleza kwamba shuleni alisimamishwa kila siku asome, na kicheko cha wenzake amekisahau, lakini mguno wa mwalimu hajausahau. Mpaka leo mtu akiguna, kila alichokijua kinaruka. Bi Simu akirudishwa nyuma mara saba, nane, anaanza upya bila kinyongo.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimeona aibu, kweli nimeona aibu. Nimeirudisha chaja. Nimesema nimeiokota nyuma ya kabati.

Jumanne, 11 Machi

Habari kubwa! Mwalimu aliiandikia barua ofisi ya mitihani na wamejibu. Simu ni marufuku ndani ya chumba. Lakini mtahiniwa mwenye barua ya namna hiyo anaruhusiwa kuja na msomaji. Binadamu! Bi Simu atabaki nje kwenye kikapu cha mlinzi.

Kisha dada akasoma masharti. Msomaji asome kwa sauti ya kawaida, asikazie jibu lolote, asieleze kitu, arudie kila akiombwa. Akanitazama kama mtu anayetazama wingu siku aliyofua. Akauliza kama hakuna mwingine. Hakuna. Yeye yuko kazini, mwalimu ana darasa, mama haoni maandishi madogo. Nimebaki mimi.

Kwa hiyo sasa ni mwanafunzi wa Bi Simu. Anasoma sentensi, nami naisoma vilevile, haipandi, haishuki. Mama anakaa pembeni na mwiko. Nikiguna, mwiko unatua gotini. Leo umetua mara kumi na nne.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeweza! Maswali arobaini. Kwenye swali la breki nilisikia yowe linapanda kooni, nikalimeza. Swali la thelathini na moja shemeji aliomba nirudie. Na tena. Na tena. Mara tisa! Kufika ya saba mguno ulikuwa umeshanifika puani. Nikamtazama. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya meza, kinafuata nyaya ambazo mimi sizioni. Alikuwa anaitengeneza lifti humo humo kichwani. Nikasoma tena kama ndiyo kwanza. Akatia alama.

Nilipotoka niliguna miguno yote ya saa mbili, mfululizo, mpaka mlinzi akaniletea maji. Msimamizi alinipa mkono, akasema nimesoma vizuri kama simu. Sijaamua kama nikasirike.

Jumatano, 19 Machi

Amefaulu! Thelathini na saba kati ya arobaini, na la thelathini na moja amelipata. Leseni ameibandika ukutani mwenyewe. Imekaa upande, na hakuna aliyethubutu kuinyoosha. Alimshukuru mwalimu, akamshukuru Bi Simu, mimi nikawa wa tatu. Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu muda wote, na ule mkono ni mzito. Nimefurahi mpaka chakula kimenishinda.

Nimetafakari. Ni wazi kwamba siri ya ushindi ni sauti yangu, Bi Simu alikuwa msaidizi. Hata mama ameliona hilo, maana baada ya chakula amenijia na karatasi ya dawa yake ya macho, nimsomee. Nikasoma. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena.

Niliguna.

Amechukua karatasi yake akaenda kwa shemeji. Sasa hivi nawasikia sebuleni: matone mawili asubuhi, matone mawili jioni, kwa mara ya tano, na mama anasema ahsante mwanangu. Anamwambia simu! Lakini nina mpango. Chaja iko chini ya godoro langu, na safari hii nimeazima na ya jirani nikaificha pamoja nayo. Simu yangu imebakiwa na asilimia tatu, ila hilo ni jambo jingine kabisa.