Baba Amepima, Kitabu Kimekosea

Leo nimeaibika nikiwa na chaki mkononi, mbele ya wazazi wenzangu. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani yangu Mama Shija, maana yeye ataongeza chumvi.

Wengi mnajua mimi ni fundi mitumbwi, huku Ilemela, ufukweni. Shule yangu iliishia la saba. (Cheti ninacho. Alama msiniulize.) Mnajua pia kwamba mwezi wa tatu tulimzika mke wangu, mama Kabula, kwao Bujora. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kimya. Nikitoka kazini nakaa nje naangalia ziwa, na binti yetu Kabula anakaa ndani na madaftari yake. Yuko darasa la sita. Hisabati zake zilikuwa kazi ya mama yake.

Wiki tatu zilizopita alinifuata pale nje na kitabu. Swali lilikuwa na mchoro wa pembetatu. Pembe moja imeandikwa nyuzi 50, nyingine nyuzi 60, ya tatu imewekewa alama ya kuuliza. Akaniomba nimsaidie.

Sasa mimi kazi yangu ni kupima. Mbao zikiletwa, muuzaji akisema ni futi kumi na mbili, napima. Sijawahi kuamini maneno yaliyoandikwa juu ya ubao. Kwa hiyo nikamwomba kipimapembe kwenye mkebe wake, nikapima ile pembe yenye alama ya kuuliza. Sitini na nne. Nikapima na zile nyingine, kwa uaminifu tu. Ile ya 50 ilikuwa 57. Ile ya 60 ilikuwa 59. Nikamwambia aandike 64, na chini yake aeleze kwamba kitabu kina makosa. Aliniangalia kidogo, akaandika.

(Nililala vizuri siku ile. Mara ya kwanza tangu msiba.)

Basi ikawa desturi yetu. Kila jioni tunakaa wawili, yeye anasoma swali, mimi napima. Shamba la mstatili, uwanja wa mpira, paa la nyumba, vyote nilivipima humo humo kitabuni kwa tepu yangu ya kazini. Yule mkulima wa swali la nane alikuwa na shamba la sentimita tano, na mimi nikamhurumia.

Leo asubuhi shule iliita wazazi wa watoto walioshuka hisabati, kila mmoja akae na mtoto wake. Nilivaa shati la kanisani. Mwalimu ni binti mdogo, mpole, aliniamkia vizuri nikaitikia. Akaeleza kwamba Kabula alikuwa anapata arobaini na kitu kati ya hamsini, na sasa amefika kumi na moja. Yumo kwenye kundi la watoto sita watakaokwenda kwenye mashindano ya hisabati ya kata, lakini kwa alama hizi itabidi nafasi yake apewe mwingine. Nafasi hiyo mama yake alimwandalia mwaka mzima.

Kisha mwalimu akawageukia wazazi wote, akafungua daftari bila kutaja ni la nani. Alisema kuna jibu moja humo ambalo tangu aanze kufundisha hajakutana nalo. Akalisoma kwa sauti.

"Sitini na nne. Baba amepima, kitabu kimekosea."

Watu wakacheka. Mama Shija, ambaye naye mwanawe ameshuka, alicheka mpaka akashikilia dawati. Mwalimu akauliza kwa upole kama baba huyo amefika. Ningeweza kunyamaza. Kabula aliinamisha kichwa na hakunitaja. Lakini sikuweza kumwachia mtoto aibu yangu. Nikasimama.

"Ni mimi, mwalimu. Na nilirudia kupima mara mbili."

(Hiyo sentensi ya pili haikuwa na kazi yoyote.)

Akaniita ubaoni. Akaeleza kwamba michoro ya kitabuni huchorwa kwa makadirio tu, kinachofuatwa ni namba zilizoandikwa. Nikauliza, kama mchoro si wa kweli, wameuweka wa nini? Baba mmoja nyuma akasema hata yeye angependa kujua. Nikapata nguvu. (Nguvu za mtu anayezama.) Mwalimu akanipa chaki, akaniomba nijumlishe zile pembe zangu tatu nilizopima mwenyewe. Nikaandika 57, 59, 64. Saba na tisa na nne, ishirini. Andika sifuri, mbili kichwani. Tano na tano na sita, kumi na sita. Nikaandika 160, nikakung'uta mikono kama mtu aliyemaliza mtumbwi.

"Baba Kabula," Mama Shija akasema, "ile mbili bado iko kichwani. Ishushe."

Hapo kicheko kiliwaleta watoto wa darasa la pili dirishani.

Nikabaki na ile chaki, sijui niiweke wapi. Ndipo Kabula akainuka. Alichana karatasi ya daftari, akaomba mkasi wa mwalimu, akakata pembetatu, umbo lolote tu. Halafu akanyofoa kona zake tatu, akazipanga mezani ncha kwa ncha. Chini pakawa na mstari ulionyooka kabisa, kama ubao uliopigwa randa.

"Kona za pembetatu yoyote zinafanya mia na themanini, baba. Hata hizo zako, ukishusha ile mbili. Kwa hiyo ile ya kwenye swali ni sabini."

Nikapitisha kidole kwenye ule ukingo. Umenyooka. Mwalimu akauliza nani alimfundisha njia hiyo. Akasema ni mama, mwaka jana.

Mwaka jana. Nilisimama pale nikiipiga hesabu hiyo, na hii niliipata bila kukosea. Alikuwa anajua. Wiki zote tatu alikuwa anajua. Nikamuuliza, mbele za watu, kwa nini basi aliandika sitini na nne.

Alijibu kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa umeanza kuongea, baba."

Hakuna aliyecheka. Mama Shija alikuwa anatafuta kitu kwenye pochi yake na hakukipata. Mwalimu akageuka akafuta ubao, akaufuta sana, kisha akaandika maswali matano na kumpa Kabula. Akayapata yote. Nafasi yake ya mashindano imebaki. Mimi niliambiwa naweza kurudi kukaa.

Jioni hii tumekaa tena. Anayekokotoa ni yeye. Mimi nauliza kwa nini, na nimeuliza mara nyingi mpaka ugali ukapoa. Tumemwongelea pia mama yake, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu msiba. Alipokwenda kulala aliniachia swali: jumla ya pembe za ndani za umbo lenye pembe tano ni nyuzi ngapi. Anataka jibu kesho kabla hajaenda shule.

Anayejua aniandikie pembeni. Asiyejua asinicheke.