Mlevi wa Kujitolea

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama ametangaza. Jumapili ikifika Baba hajakanyaga kikao cha watu wanaoacha pombe, yeye na mdogo wangu wanahamia kwa mama mdogo. Mimi nijichagulie upande, kama vile ni timu ya mpira. Baba, akiwa kwenye cherehani, akajibu kwamba yeye si mlevi, ni fundi mwenye kiu. Kisha akashona mfuko wa suruali ya mteja akauziba kabisa. Hata kidole hakiingii.

Nani atampeleka? Mdogo wangu yuko chekechea. Nimebaki mimi, ambaye mwalimu akikosea jina langu naitikia mwaka mzima.

Mpango: nikitafute kikao, nikipeleleze, kisha nimpeleke Baba bila mwenyewe kujua anapelekwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekipata. Ukumbi wa nyuma ya zahanati, viti vya plastiki, birika la chai linalomzidi mdogo wangu kimo. Mwenyekiti ni kinyozi. Nikamwamkia, shikamoo ikanitoka mara mbili. Akaniuliza taratibu kama nimekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya mtu wangu. Nilikuwa nimeandaa maelezo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Yote yakanikimbia. Ningesema ni ya mtu wangu, angeuliza mtu gani, yuko wapi, mbona hakuja. Nikasema yangu. Neno moja, kwisha kazi.

Wapi! Kumbe mgeni aliyekuja kwa ajili yake husimamishwa. Nikasimama. Nikasema mimi ni mlevi. Wakanipigia makofi ukumbi mzima. Sijawahi kupigiwa makofi, hata nilipofaulu. Nikaona aibu kuwaachia sentensi moja baada ya makofi yote yale, nikawapa mambo ya Baba: jinsi ninavyoficha chupa katikati ya jora la kitambaa, jinsi nilivyompigia mteja magoti nikalia, nikajifutia machozi kwa suruali yake mwenyewe.

Mama mmoja, muuza mkaa, akalia. Kila mgeni hupewa mwenzake wa kumpigia simu kiu ikimbana; akaomba awe wangu. Akaniuliza nilianza lini. Nikasema zamani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepata adui. Dereva wa lori. Kabla sijaja, kisa chake cha kulala ndani ya mtaro ndicho kilichokuwa kinaliza watu. Leo akanichokonoa: ninakunywa nini hasa? Nikasema ya kahawia. Akauliza ipi. Nikasema yoyote, mradi iwe ya kahawia. Ukumbi mzima wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakaona nimezama kabisa. Muuza mkaa akamwambia dereva amwache mtoto wa watu. Dereva amenuna. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jioni nikamwambia Baba kuna ukumbi unataka mapazia, aje Jumamosi achukue vipimo. Akasema kazi ni kazi. Akili zangu wakati mwingine zinanitisha.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Baba alikuja, futi ya kupimia shingoni, akinuka peremende na kile ambacho peremende haikukifunika. Akaelekea dirishani akaanza kupima. Nilikuwa nimepanga akae, asikilize, aguswe moyo. Muuza mkaa akaniwahi. "Simama, mwanangu, usiogope. Ile chupa ya kwenye jora umeshaitupa?"

Futi ikasimama dirishani.

Nikajua nimekwisha. Atajitambua mbele ya watu wote, ataondoka, na Mama ataondoka kesho. Baba akageuka, akanitazama.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Na mimi nashangaa mbona inaisha upesi!"

Akavuta kiti, akakaa karibu nami, akalia kwa sauti. Akaapa mbele ya wote kwamba kila kikao ataniletea mwenyewe, kwa mkono wake, na nyumbani haitaingia hata tone. Kinyozi akamuuliza kama yeye naye anakunywa. Baba akasema hapana, yeye yupo kwa ajili ya mwanawe tu. Wakampigia makofi. Marefu kuliko yangu. Dereva wa lori ndiye aliyeongoza.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama hakuhama. Kikao kimekanyagwa, ametimiza neno lake. Lakini Baba alipomsimulia ya ukumbini, alinivuta jikoni. Akasema mtoto anayelewa kwa dawa ya kikohozi hawezi kumdanganya yeye, na nimwambie Baba ukweli leo hii. Nikasema ndiyo, Mama.

Sikumwambia. Baba amemwaga chupa zote. Mikono inamtetemeka, jasho linamtoka, lakini hajaonja kitu tangu jana, kwa sababu ananilinda mimi. Nikimwambia ukweli, ataacha kunilinda. Nikipona, ni vilevile. Basi suluhisho liko wazi: nisipone. Jumanne nitafika kikaoni ninapepesuka.

Baba alipotoka kununua uzi, nikafanya mazoezi sebuleni. Kushoto, kulia, kushoto. Nikaangukia kabati la vyombo. Seti ya vikombe vya harusi yao, chini.

Mama akatokea mlangoni. Akauliza nani.

Nikasema Baba.

Ameingia chumbani, nasikia anatoa nguo kabatini. Si neno. Nina mpango.