Ugonjwa wa Pikapu ya Mama Emiliana

Noel alikuwa ameegesha bajaji yake njia panda ya Mkiwa, akisubiri abiria au mjinga, yeyote atakayetangulia. Ikatangulia pikapu. Ilikuwa inang'aa, na mkiani iliandikwa "hybrid". Iliposimama kupisha ng'ombe, injini ikazimika kimya. Ng'ombe walipopita ikawaka, ikasogea, ikasimama mbele ya duka na kuzimika tena. Noel akameza mate.

Elimu hii aliipata enzi zile akimwendesha bosi Dodoma. Magari ya namna hiyo yana betri ya pili chini ya kiti cha nyuma, na mota ndogo iliyounganishwa na injini kwa mkanda. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuichaji ile betri. Ukisimama, injini inajizima kuokoa mafuta. Ukitaka kuondoka, mota inaiamsha na kuisaidia kusukuma. Peke yake haivuti gari, ila bei yake inavuta roho.

Akateremka dereva, Mama Emiliana, mkulima wa vitunguu.

"Shikamoo mama. Gari lako linaumwa."

"Marahaba. Linazimikazimika, mwanangu. Nilifikiri ni uchovu tu."

"Uchovu? Injini imekufa hiyo, inasubiri mazishi." Noel akatikisa kichwa kwa huzuni iliyomgusa hata mwenyewe. "Ila umefanana na marehemu mama yangu. Chukua bajaji yangu, mimi nibaki na msiba huu. Nitauza vyuma."

"Hunidanganyi?"

"Nikudanganye wewe?"

"Basi twende kwa mwenyekiti tuandikishane."

Kwa Mzee Mughwai, mwenyekiti wa kijiji, hata mbuzi habadilishwi mpaka kasoro zake ziandikwe. Noel alifurahi sana. Akihofia mama asije kesho na mtoto msomi kudai gari, alisimamia kila neno: injini imekufa, mpokeaji anajua na ameridhika, hakuna kurudishiana. Mhuri ukagongwa.

Bajaji ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mkewe. Aliiacha bila kugeuka nyuma.

Kilometa mbili mbele, pikapu ikazimika. Noel akatabasamu, akaachia breki, akangoja iamke. Haikuamka. Akapiga ufunguo; ikakohoa moshi mweusi na kunyamaza. Akang'oa kiti cha nyuma: hakuna betri, ni bati na maganda ya vitunguu. Akafungua boneti: hakuna mota yoyote. Maandishi ya mkiani yalikuja na mlango wa nyuma ulionunuliwa kwa wauza vyuma chakavu.

Alirudi kwa miguu, jua likimchoma. Mzee Mughwai akavaa miwani, akamsomea karatasi yote mpaka kwenye sahihi. Mama Emiliana alikuwa bado yupo, akipakia magunia kwenye bajaji.

"Ulijua, mama!" Noel alifoka.

"Fundi wa Singida aliniambia injini imekufa, nikamwona tapeli. Nikawa naibembeleza kwa ufunguo kila ikizimika." Akamtazama kwa shukrani ya kweli. "Wewe ndiye uliyenifanya nimwamini."