Picha Isiyo na Mwisho Kuteuliwa kwa Tuzo ya Mwisho Bora

Arua Mjini,
Novemba 1975

Kwa Bwana Umaru,
Mwenyekiti, Kamati ya Tuzo za Picha za Arua na Koboko,
Ukumbi wa Sinema wa Taa Mbili.

Bwana Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ndiye yule mwanamke anayekaa nyuma ya kiti chako pale ukumbini na kuona nusu ya kila picha kwa ajili ya kofia yako. Hilo si lalamiko. Malalamiko yanaanza hapo chini.

Naitwa Sidonie. Ni fundi cherehani, mjane, mzaliwa wa Bunia, na duka langu linatazamana na mlango wa sinema. Lile pazia la kitambaa cheupe mnaloonyeshea picha nililishona mimi, kwa hiyo waigizaji wote mliowateua wamepita juu ya kazi ya mikono yangu, na nadhani hilo linanipa haki ya kusema.

Jumatatu asubuhi nilisoma ule ubao mlioutundika mlangoni wenye majina ya walioteuliwa kuwania tuzo za mwaka huu. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Niliporudia kusoma nilirudi dukani nikavunja sindano. Kwa heshima kubwa, nayaweka malalamiko yangu kwa namba ili Mwalimu Anguyo, katibu wako, asiseme hakuyaona.

1. Farasi Bora. Mmeteua farasi wawili wa picha ya kowboi, mweupe na mweusi. Bwana Mwenyekiti, huyo ni farasi mmoja. Yule mweusi anapovuka mto rangi inamtoka, na anapanda ng'ambo akiwa na madoa kama chui. Ukumbi mzima uliona. Mmemshindanisha mnyama na yeye mwenyewe, na sasa sokoni kuna wanaume wazima hawasalimiani kwa kubishana nani atashinda.

2. Mwanamke wa Kulia Vizuri. Mmemteua yule binti wa Kihindi anayelia kwa jicho moja, hereni hazitikisiki, wanja haumwagiki. Mimi nimezika mume. Najua kulia kunavyoharibu uso. Upande wa wanawake, viti vya nyuma, kuna watu wanalia kumshinda yule binti kila Jumamosi, tena wamelipa kiingilio.

3. Zawadi. Ubao unasema kila mshindi atapata katoni ya sabuni, na kwa kuwa washindi wako Bombay na Hong Kong, Mwenyekiti atawatunzia sabuni hiyo hadi watakapofika Arua kuichukua. Mji mzima tunafua kwa majivu. Simshutumu mtu yeyote. Nasema tu kwamba tangu Jumatatu mashati yako yamekuwa meupe kiasi kwamba, ukikaa mbele, watu wa pembeni wanatazama picha mgongoni mwako.

4. Mwisho Bora. Hapa naomba uvue miwani, uifute, uivae tena.

Mmeteua kuwania Mwisho Bora ile picha ya mama anayemtafuta mwanawe kwenye vituo vya garimoshi. Nami ningeipigia kura. Lakini picha hiyo haina mwisho! Wewe mwenyewe ulikuwepo siku mkanda wa mwisho ulipoungua kwenye mashine. Ulikimbia na kofia yako, ukaniacha mimi na ndoo ya maji. Tangu siku ile mama anafika kituo cha mwisho, anaweka mkono juu ya macho, anatazama reli, kisha pazia linakuwa jeupe, na watu wanaanza kupiga miluzi.

Nani aliyewanyamazisha? Igga. Wakati ule alikuwa anauza tiketi tu, mpishi wa jeshi aliyestaafu, mtu mrefu mpole mwenye Kiswahili cha kambini. Alichukua kile kipaza sauti cha bati, akasimama kando ya pazia jeupe, akasema, "Nyinyi yote kaa chini. Picha bado. Mimi iko naona yeye vizuri. Garimoshi iko nakuja." Tukakaa. Akatuambia garimoshi limesimama, nani ameshuka, kavaa nini, mama amesema nini. Watu walitoka wakijifuta machozi, na hapakuwa na picha yoyote mbele yao isipokuwa shuka langu.

Tangu hapo mkamweka atafsiri picha zote tangu mwanzo, za Kihindi, za Kichina, za kowboi. Kwa kila picha Igga alikuwa mume, mke, jambazi na mvua. Hakuna aliyemuuliza lugha hizo alijifunzia wapi, kwa sababu hakuna aliyetaka kujua.

Basi sasa kamati yako ilipokaa kupiga kura, wajumbe wa Arua walisema mwisho ule ni mzuri kwa sababu mama anampata mwanawe na wanakwenda nyumbani kula. Bwana Abiriga, mjumbe wa Koboko, ambako mnapeleka picha zetu na Igga wetu kila Alhamisi, akaruka juu. Nilimsikia kutoka dukani kwangu. "Kula nini? Wapi! Mimi naona kwa macho yangu! Mama napanda juu ya garimoshi, nanyang'anya polisi bunduki, napiga hawa watu mubaya yote!" Wakabishana mpaka meza ikavunjika mguu, watu wazima wanaapa kwa macho yao juu ya kitu ambacho hakuna jicho lililokiona. Igga aliwapa watu wa Koboko walichopenda, na watu wa Arua walichopenda. Mhudumu wa hoteli akifanya hivyo anasifiwa.

5. Kufukuzwa kwa Igga. Mwalimu Anguyo, ambaye zamani alikuwa karani kwa Wahindi kule Jinja na anasikia lugha yao, alikuja Jumamosi iliyofuata na daftari kuhakiki tafsiri. Picha ile ilipofika sehemu ambayo mama amesimama mbele ya karani wa kituo, na Igga anatupigia kilio chake kwa sauti nyembamba, "Uko na mama, wewe? Basi kama uko na mama, sema mtoto yangu iko wapi!", Mwalimu alisimama katikati ya ukumbi akapaza sauti.

"Wewe Igga, iko nadanganya watu! Huyu mama hapana nasema hivyo! Iko naulizia bei ya tiketi!"

Igga alishusha kipaza sauti. Alimtazama Mwalimu, akatutazama sisi. Akasema taratibu, bila bati, "Bei ya tiketi iko hapo mlangoni, Mwalimu. Watu nasoma wakiingia." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza, maana usiku uleule mkamwambia asirudi.

Sasa nisikilize, Bwana Mwenyekiti, kwa maana jambo ninalolisema hapa hulijui, kwa sababu unatazama mbele na mimi natazama watu.

Kuna mama anaitwa Drateru. Anatoka Manibe kwa miguu, kila Jumamosi, na karanga za kuuza mlangoni ili apate kiingilio. Mwanawe alikwenda jeshini, akapelekwa kambi ya mbali, kisha habari zikakatika. Hakuna anayemuuliza, na yeye haulizi, maana sote tunajua siku hizi maswali ya namna hiyo hayaulizwi kwa sauti. Siku nyingine za wiki, Drateru asipokuwepo, Igga aliweza kumaliza picha ile vyovyote: mtoto amekuwa hakimu, mtoto amekuwa jambazi, mtoto amekanyagwa na garimoshi na tukalia vizuri. Lakini alikuwa anachungulia kwanza viti vya nyuma. Drateru akiwepo, mtoto anashuka kwenye behewa akiwa mzima. Kila mara. Kakonda kidogo, ana ndevu, lakini mzima. "Mama, mimi iko hapa. Barua ilipotea njiani. Mimi iko hapa." Na Drateru alirudi Manibe gizani akiimba.

Jumamosi ya kwanza bila Igga mlionyesha picha hiyo mkimya. Mama akafika kituo cha mwisho, akaweka mkono juu ya macho, pazia likawa jeupe. Hakuna aliyepiga mluzi. Drateru akasimama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza sokoni, "Sasa mtoto iko wapi?" Akaugeukia upande wako. Ukatazama kofia yako. Akamgeukia Mwalimu Anguyo, na Mwalimu akafunga daftari. Drateru akachukua kikapu chake akatoka.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi yangu, nayo ni ya kiasi tu.

Kwanza, Igga arudishwe. Pili, jina lake liandikwe juu ya ubao kwenye Mwisho Bora. Tatu, liandikwe pia kwenye Mwigizaji Bora na Mwanamke wa Kulia Vizuri, na kwenye Farasi Bora, kwa sababu zile kwato mnazozisikia mashine ikikosa sauti ni yeye anagonga vikombe viwili vya chuma juu ya meza. Nne, sabuni yote apewe yeye, leo, kabla mashati yako hayajawa meupe zaidi. Tano, na hili naomba ulifikishe serikalini: itungwe sheria kwamba picha yoyote inayoingia nchini, iwe ya Kihindi, ya Kizungu au ya Kichina, ikatwe mwisho wake palepale mpakani, na mtu kama Igga awekwe katika kila ukumbi ili kila mji upate mwisho unaoustahili. Mikasi nitatoa mimi. Maneno ya kubuni mbele ya pazia hayajawahi kumuumiza mtu.

Kabla sijafunga, nakupa utabiri wangu wa tuzo za mwakani, uone kwamba mimi si mtu wa kulalamika tu. Picha ya kowboi haina matumaini. Iko nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na huo ndio ugonjwa wake. Ile ya Wachina wanaorusha mateke itashinda Arua ikiwa mkanda wake wa tatu, unaokwama kila mara, utakatika kabla ya Krismasi, na fundi wa mashine ameniambia ana matumaini makubwa. Basile mwenye lori anasema ataleta kutoka Zaire picha ya Kifaransa ambamo mume na mke wanazungumza kitandani tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna anayepigwa. Akiwepo Igga, nasema itachukua tuzo zote. Asipokuwepo, mrudishieni Basile kabla viti havijavunjwa. Koboko, kama kawaida, watapigia kura picha yoyote yenye bunduki, hata ikionyeshwa kichwa chini, kama ilivyokuwa mwezi wa sita, wakashangilia.

Nakomea hapa kwa sababu karatasi imeisha; hasira bado ipo. Nisalimie Mama Hawah, mkeo, na umwambie gauni lake liko tayari, ila aache kuongezeka mpaka atakapolichukua. Nisalimie fundi wa mashine na vidole vyake vilivyoungua. Bwana Abiriga na watu wote wa Koboko, salamu. Mwalimu Anguyo naye asalimiwe, kwa Kihindi.

Ni mimi, kwa heshima yote inayowezekana kutoka kiti cha nyuma yako,

Sidonie, Fundi Cherehani

Nyongeza: Bwana Mwenyekiti, sikuwahi kuipeleka barua hii posta, na sasa naomba uisome kinyume. Mambo yamebadilika.

Kama unavyojua, watu walipogoma kuingia ukumbini mlimrudisha Igga kwa majaribio. Jumamosi nilikaa mahali pangu nikiwa na furaha. Drateru alikuwepo. Pazia likawa jeupe, Igga akachungulia nyuma, mtoto akashuka kwenye behewa akiwa mzima. Ningeridhika hapo. Lakini hakushusha kipaza sauti. Akakohoa, akaendelea:

"Sasa, karibu na hii stesheni iko duka. Ndani iko fundi ya nguo, mama ya Bunia, mutu ya maneno mingi. Na iko mwanaume moja, kila Jumamosi nasimama hapa, naogopa yeye kuliko vita. Leo huyu mwanaume nauliza. Na huyu fundi nasema ndiyo. Picha imekwisha."

Ukumbi wote uligeuka kunitazama. Hata wewe ulivua kofia. Drateru akapiga vigelegele.

Sikusema ndiyo! Sikuulizwa chochote! Nimeozwa na bati mbele ya mji mzima, na picha ikazimwa kabla sijajibu! Kwa hiyo nafuta maombi yangu yote. Mwalimu Anguyo alikuwa na haki: mtafsiri aseme kilichosemwa, na kama ni bei ya tiketi iwe bei ya tiketi. Waandikieni watu wa Bombay walete mkanda wa mwisho, hata kama ndani yake kila mtu anakufa. Mwisho Bora mpeni farasi.

Jumapili nilimwita dukani. Nilimwambia kama ana neno, alilete mchana, na kipaza sauti akiache nje. Akakiacha. Akakaa kwenye benchi watu wakipita kutoka kanisani, akaitazama cherehani kama hajawahi kuona chuma. Akasema, "Mama Sidonie." Akakunja kofia, akaikunjua. "Mama Sidonie, mimi iko..." Na hapo akakwama kabisa, jasho linamtoka, mtu aliyewamalizia watu wa Arua na Koboko picha zao zote.

Ikabidi picha hii niimalizie mimi.